Kushusha Injini: Sura Moja katika Historia ya Ufundi wa Chuma Ufipa

Historia ya motokaa katika Afrika ya Mashariki imezoea kuandikwa kwa kuhesabu vilivyoletwa: gari la kwanza lilishukia bandari gani, barabara ilifika wapi, serikali iliagiza malori mangapi. Hesabu hizo zina manufaa yake, lakini zina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba hukoma siku gari linapoharibika. Kumbe katika nchi ambayo gari jipya ni nadra, sehemu kubwa ya umri wa gari huja baada ya kuharibika kwake mara ya kwanza. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors kilichotolewa mwaka 2021, ameonyesha kwa upana jinsi mafundi wa Tanzania walivyojijengea elimu yao ya magari, katika gereji za watu na chini ya miti. Makala haya yanalitazama jambo hilo katika nchi moja tu, yaani Ufipa, na katika kazi moja tu, yaani kuitoa injini nyumbani ili ipelekwe karakana ya kukereza vyuma. Dai lake ni kwamba kazi hiyo, ijapokuwa chombo chenyewe ni kigeni, imefuata mpango wa kugawana kazi uliokuwa ukijulikana Ufipa zamani za uyeyushaji wa chuma. Na kwamba sababu zilizouua ufundi ule wa kwanza sasa zimeanza kuugusa huu wa pili.

Ufipa ni uwanda wa juu ulio baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Mollo, iliyo jirani yake, ni mahali pa wakulima wa mahindi, maharage na ulezi. Tangu kale Wafipa wamesifika kwa kilimo cha matuta ya mviringo yaitwayo intumba, ambamo majani hufukiwa yaoze na kuirutubisha ardhi. Kilimo cha namna hiyo ni kilimo cha jembe. Kugeuza udongo na majani kwa pamoja hakuwezekani kwa kijiti. Hivyo asiyeelewa chuma cha Ufipa hawezi kuelewa vema shamba la Ufipa, wala jinsi watu wa nchi hiyo walivyoipokea mashine.

Chuma hicho kiliyeyushwa katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo moja lake ni ilungu. Ilungu lilifikia kimo cha mita 3 hivi, na mara nyingi lilijengwa karibu na kichuguu, kwa kuwa udongo wa mchwa hushikamana na kustahimili moto. Lilikuwa na ajabu moja iliyowavuta wataalamu wengi: halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa kuzunguka chini yake, ikavutwa juu na joto la tanuru lenyewe, na moto ukaendelea kwa siku kadhaa bila mtu kushika mivukuto. Kazi hiyo ilizungukwa na miiko. Tanuru lilifananishwa na bibi arusi, kisha na mama mzazi, na waliolihudumia walitakiwa kujitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Greig aliandika habari za uyeyushaji huo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na Wise akaandika tena mwaka 1958. Baadaye Bertram Mapunda, mtaalamu wa akiolojia, aliyachunguza masalio ya matanuru hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1995 na katika vitabu vilivyofuata.

Jambo linalohusu makala haya ni moja katika hayo yote. Kilichotoka katika ilungu hakikuwa jembe, wala hakikuwa chuma safi. Kilikuwa bonge lililochanganyika na taka za mawe na mkaa. Bonge hilo lilipelekwa katika tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambalo hilo lilivukutwa kwa mivukuto, na humo chuma kikasafishwa. Baada ya hapo ndipo kilipofika kwa mfua vyuma, akakipiga kikawa jembe, shoka au mkuki. Basi kazi ilikuwa na ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ilifanyika porini, penye kuni, mawe ya chuma na udongo wa kichuguu. Ya pili ilitaka chombo chake maalumu. Ya tatu ilimrudisha mtu nyumbani akiwa na kitu cha kutumia. Aliyesimamia ngazi moja alijua mpaka wa kazi yake, na alijua hali ambayo kitu kilipaswa kuwa nayo kabla hajamkabidhi mwingine.

Haifai kutoka hapa kurukia kusema kwamba makanika wa leo ni mrithi wa myeyushaji wa zamani. Mafundi wa magari hawakufundishwa na wazee wa malungu. Walifundishwa na mahali pengine kabisa: katika jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambako vijana wengi wa Afrika ya Mashariki walijifunza udereva na utengenezaji wa magari, katika gereji za Wahindi mijini, ambako mwanagenzi alianza kwa kushika spana za mwenziwe na ndiyo maana akaitwa spana boi, na juu ya malori yenyewe, ambako tandiboi alijifunza kwa kumtazama dereva akihangaika njiani. Kinachofanana si nasaba ya mafundi bali ni hali ya nchi. Pale ambapo chombo kikubwa hakiwezi kuwapo kila mahali, kazi hukatwa vipande, na kila kipande hufanyika pale kinapowezekana.

Na hali ya Ufipa ilikuwa ngumu kwa motokaa. Reli ya karibu upande wa kaskazini ni ile ya Mpanda, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya risasi, nayo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Sumbawanga. Upande wa kusini reli ya TAZARA ilipita Tunduma katikati ya miaka ya 1970, na kutoka Sumbawanga hadi huko ni zaidi ya kilomita 220. Shirika la kimataifa la kuzuia nzige wekundu, lililokuwa na makao yake Abercorn, leo Mbala, tangu mwaka 1949, liliyapeleka magari yake katika mbuga za bonde la Rukwa ambako nzige hao huzaana. Lakini magari ya namna hiyo yalikuwa na makao na mafundi wa shirika nyuma yake. Gari la mtu binafsi halikuwa na kitu nyuma yake ila mwenyewe na fundi wake.

Mambo yalikuja kuwa mazito zaidi baada ya Rukwa kufanywa mkoa mwaka 1974. Katika miaka hiyo serikali ilianza kuweka bei moja ya mahindi nchi nzima, hata kwa mkulima aliye mbali kabisa na soko la Dar es Salaam. Matokeo yake ni kwamba Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ikawa mikoa minne iliyotegemewa kulisha taifa, na mahindi ya Ufipa yakawa mengi kuliko malori ya kuyachukua. Shirika la Taifa la Usagishaji lilielemewa na gharama za kuyasafirisha. Kisha vikaja Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, vilivyoyameza magari ya raia pamoja na ya serikali. Bei ya mafuta ikapanda. Fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri vikawa haba madukani. Mpaka mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, mwenye lori hakuwa na njia ila kulifufua lile alilo nalo. Lori lililolala msimu wa mavuno halikuwa hasara ya mwenyewe peke yake. Lilikuwa ni magunia yaliyobaki ghalani yakingojwa na dumuzi na mvua, na karo na deni la mbolea vikabaki bila kulipwa.

Ndipo kazi ya kuishusha injini nyumbani ikapata umuhimu wake. Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Mafundi wa Tanzania husema kushusha injini, ijapokuwa injini haitoki katika lori kwa kwenda chini. Hunyanyuliwa juu kwanza, gari likasukumwa nyuma, ndipo ikateremshwa. Lugha haikukosea. Mtu anayetua mzigo kichwani huunyanyua kidogo kabla ya kuushusha, na mpishi huiinua sufuria kutoka mafigani kabla ya kuiweka chini. Aliyelichagua neno hilo hakuutazama mwendo wa minyororo; alitazama mwisho wa kazi, yaani kitu kilichokuwa juu ya gari sasa kiko chini, mbele ya macho, tayari kwa kuchunguzwa. Na kinyume chake hakikuwa kupandisha peke yake, bali kufunga, kwa kuwa injini iliyofunguliwa huja kufungwa.

Kazi hiyo huanza kabla ya spana kushikwa. Fundi husikiliza. Injini inayogonga kwa sauti nzito ndani huwa imelegea beringi za krenki, na husemwa imenoki. Injini inayotoa moshi wa samawati huwa inakula oili, yaani ringi za pistoni au ukuta wa silinda umelika. Hukumu hii ya mwanzo ni kubwa, kwa maana kuishusha injini isiyohitaji kushushwa ni hasara ya siku nyingi. Baada ya hapo gari huwekwa pahali pa usawa, magurudumu yakazuiwa kwa mawe, waya wa betri ukatolewa, na maji na oili vikakingwa katika madebe. Boneti huvuliwa, kisha rejeta. Nyaya na mipira hufunguliwa mmoja mmoja, na fundi makini hufunga kila ncha uzi au kitambaa cha rangi yake, kwa sababu huenda injini isirudi kwa wiki tatu au miezi mitatu, na kumbukumbu ya mtu haina ahadi.

Kinachofuata ni kizito kwa maana zote. Injini ya Land Rover ya silinda nne hukaribia kilo 200, na ya lori la silinda sita huzidi mara mbili ya hapo. Karakana ya mjini ina winchi yake. Ua wa nyumbani hauna. Basi magogo matatu ya mkaratusi husimamishwa na kufungwa pamoja juu, miguu yake ikatanuliwa kama mafiga, na katikati ikatundikwa cheni bloki, ambayo huwezesha mtu mmoja kuinua kidogo kidogo uzito usioinuliwa na watu sita. Gearboksi hutegemezwa kwa gogo ili isining'inie, bolti zinazoiunganisha na injini hutolewa, kisha bolti za miguu ya injini. Hapo husemwa maneno machache. Mtu mmoja huvuta mnyororo, mwingine huitikisa injini iachane na shafti ya gearboksi bila kuipinda, na hakuna anayeweka mkono chini yake. Methali isemayo mtaka cha mvunguni sharti ainame haina mahali katika dakika hiyo. Aliye chini ya mnyororo hajui utakatika lini.

Injini ikiisha kushuka hufunguliwa. Hapo ndipo mpaka baina ya kazi ya nyumbani na kazi ya karakana huonekana wazi. Pistoni, ikipanda na kushuka mamilioni ya mara, hula ukuta wa silinda, na huula zaidi karibu na kilele, pale ringi ya juu inapogeukia. Tundu lililokuwa mviringo kamili huwa na umbo linaloelekea yai, na upana wake wa juu huzidi wa chini. Tofauti hiyo huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Jicho haliioni, ijapokuwa kidole cha mzoefu huihisi kwenye ukingo ulioachwa juu ya silinda. Kuirudisha silinda katika mviringo wake hakuwezekani kwa patasi wala kwa msasa. Kunahitaji mashine ya kuitoboa upya kwa kipimo kikubwa zaidi, kwa mfano milimita 0.50 kupita kile cha kiwandani, na pistoni mpya za kipimo hicho hicho. Krenki nayo huchongwa ikapunguzwa, na beringi nene zaidi zikatafutwa kuijalia. Uso wa silinda hedi husawazishwa ili gasketi ikae bila kuvuja.

Mashine za namna hiyo zilikuwa mbali na Ufipa. Kwa miaka mingi aliyezihitaji alitazama Mbeya, zaidi ya kilomita 300, au Dar es Salaam. Kuanzishwa kwa SIDO mwaka 1973 kulikusudiwa kuvipeleka vifaa na mafunzo ya viwanda vidogo mikoani, lakini mashine kubwa hazikuenea kwa kasi ya mahitaji. Kwa hiyo gari halikusafiri. Kilichosafiri ni kile tu ambacho mikono ya nyumbani haikuweza kukitengeneza. Bloki, krenki na silinda hedi zilipakiwa juu ya lori la mahindi au chini ya viti vya basi, na mwili wa gari ukabaki uani, umefunikwa turubai.

Huku kukatwa kwa kazi vipande kulimtaka fundi wa nyumbani awe na nidhamu ambayo fundi wa karakana kubwa angeweza kuikosa bila kuumia. Kila kifuniko cha beringi kuu kimetobolewa kikiwa mahali pake. Kikihamishwa, tundu halilingani tena na krenki hukaza au hugonga. Kadhalika kila konrodi ina kifuniko chake kimoja tu duniani. Basi fundi huvitia alama kwa nukta za nyundo, moja kwa silinda ya kwanza, mbili kwa ya pili, na kuendelea. Nukta hizo ndizo barua yake kwa mkerezaji wa Mbeya asiyemjua, na ndizo barua yake kwa nafsi yake mwenyewe siku mzigo utakaporudi. Aliyemkabidhi mwenziwe bonge la ilungu hakuwa na haja ya kulielezea, kwa kuwa mpokeaji aliijua kazi; lakini hapa mtu na mtu walitenganishwa na barabara ya siku mbili, na chuma chenyewe kililazimika kubeba maelezo.

Ushahidi mkubwa wa thamani ya kushusha na kuhifadhi vizuri umekuwa ukipita mbele ya Ufipa kwa miaka mingi, katika maji ya Ziwa Tanganyika. Meli iitwayo leo Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Kigoma na kuunganishwa huko kwa jina la Graf von Goetzen, ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mwezi Julai 1916, waliizamisha kwa mikono yao. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito, kwa tumaini la kuirudia. Hawakuirudia wao. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaikuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza safari kwa jina jipya, ikitia nanga hata Kasanga, bandari ya Wafipa. Mitambo ile ya mvuke iliendelea kutumika mpaka miaka ya 1970, ilipotolewa na kuwekwa ya dizeli. Jeshi lililoipaka grisi lilishindwa vita, na dola yake ikafutika katika nchi hii. Kazi ya mafundi wake ilidumu nusu karne.

Sasa yabaki swali la mwisho. Malungu hayakuachwa kwa sababu yalikuwa mabaya. Chuma chake kilikuwa kizuri na majembe yake yalikata ardhi ya Ufipa vizazi na vizazi. Yaliachwa kwa sababu chuma cha Ulaya kilifika kwa bei ambayo haikuhesabu kuni, siku wala miiko, na kwa sababu vijana walihitajiwa kwingineko, katika kodi na vibarua. Greig alipoandika, ufundi huo ulikuwa ukingoni. Wise alipoandika miaka 21 baadaye, ulikuwa umekwisha kukoma. Kilichobaki ni minara ya udongo porini, na maswali ambayo wataalamu walilazimika kuyajibu kwa kuchimba, kwa kuwa waliojua hawakuandika na walioandika hawakuwa wamefanya.

Kushusha injini nako kumepata mshindani wa namna hiyo hiyo. Tangu biashara ya magari yaliyotumika Japani ilipostawi, injini nzima iliyotolewa katika gari lililokwisha kazi huko hupatikana katika maduka ya Ilala na Kariakoo. Mwenye gari hupiga hesabu: kutoboa silinda, kuchonga krenki, pistoni, ringi, beringi na siku za kungoja, dhidi ya injini ya mtumba inayoweza kufungwa kwa siku mbili. Mara nyingi mtumba hushinda. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa fedha za Marekani kupitia Shirika la Millennium Challenge na kukamilika katika muongo wa 2010, imeifupisha njia ya bloki kwenda Mbeya. Lakini imeifupisha vile vile njia ya injini ya mtumba kuja Ufipa.

Haingekuwa haki kumlaumu mwenye gari. Mahindi yakingoja hayangoji nadharia. Lakini yafaa kutambua kinachopotea. Anayebadilisha injini nzima bado huishusha, na magogo matatu yangali yakisimama uani. Kinachoondoka ni ile ngazi ya kati, yaani kufungua, kupima, kutia alama, kuamua kipi kiende na kipi kibaki. Ni sawa na kama Wafipa wa zamani wangaliacha ilungu na kintengwe wakabaki na mfua vyuma peke yake, akifua vipande vilivyonunuliwa. Na kwa kweli hivyo ndivyo ilivyotokea, kwa kuwa wafua vyuma waliendelea kufua vyuma chakavu muda mrefu baada ya moto wa malungu kuzimika. Mkono ulibaki na kazi, elimu ya kukipata chuma chenyewe ikapotea.

Tofauti moja iko, nayo ni ya kutia moyo. Wenye elimu ya injini wangali hai, nao huisema kwa Kiswahili. Maneno kama kushusha, kufunga, kunoki, kuchonga na kukereza yana ndani yake hukumu na vipimo ambavyo kamusi nyingi hazijavieleza, na fundi mmoja wa miaka sitini ana mengi kuliko yaliyomo katika rafu ya vyuo. Mwanafunzi wa historia na mwanafunzi wa lugha wanaweza kukaa kwake siku moja injini inapofunguliwa, wakaandika kila alama ya nyundo na sababu yake. Kazi hiyo haihitaji koleo la mwanaakiolojia. Itakuja kulihitaji baadaye, ikiwa haitafanywa sasa.